Kanda zilizokatwa kwenye World of Warcraft: jinsi ya kujua kazi iliishia wapi

Fungua faili la Map.dbc, jedwali la ramani za World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya Blizzard, toleo la 1.12.1, shuka mpaka namba 37, utakuta Azshara Crater. Folda yake inaitwa PVPZone02. Ndugu yake, PVPZone01, ni namba 30, na huyo kila mchezaji anamjua: ni Alterac Valley, uwanja wa vita wa watu 40 kwa 40 uliofunguliwa mwaka 2005. PVPZone02 haukufunguliwa kamwe. Ardhi yake hata hivyo ilisambazwa kwenye kila kompyuta iliyosakinisha gemu hiyo.

Habari za maeneo kama haya huzungushwa sana kama uvumi, na uvumi haumfikishi mtu popote. Swali lenye faida ni moja: kazi ilisimama kwenye hatua gani? Linajibika vizuri tu, kwa sababu kila hatua ya ujenzi wa kanda, yaani eneo la dunia ya gemu, huacha alama kwenye faili lake. Ukijua alama hizo, unaweza kutofautisha kanda iliyokatwa (iliyoachwa kabla ya kufunguliwa), uwanja wa majaribio wa wafanyakazi, kanda iliyokuwa inasubiri zamu yake, na ile iliyotengenezwa na shabiki miaka mingi baadaye.

Pa kuanzia pazuri ni klaienti, yaani programu ya gemu iliyo kwenye kompyuta ya mchezaji, ya toleo la 1.12.1, bildi 5875, ya mwaka 2006. Ni ndogo, haina usimbaji, na muundo wake umeshachambuliwa kila kona. Ndani ya folda ya Data kuna vifurushi vya MPQ: terrain.MPQ ina ardhi, wmo.MPQ ina majengo makubwa, model.MPQ ina miti, mawe na viumbe, texture.MPQ ina picha za kufunika, dbc.MPQ ina majedwali. Kisha kuna patch.MPQ na patch-2.MPQ. Wanaoanza huteleza hapa. Vifurushi hivi viwili hufunika vile vya msingi, kwa hiyo ukitoa Map.dbc kutoka dbc.MPQ peke yake, unasoma jedwali la zamani. Utaratibu sahihi ni kutoa faili lilelile kutoka sehemu zote tatu, uweke kila nakala kwenye folda yake, kisha ulinganishe. Tofauti kati ya nakala hizo ni ushahidi wenyewe: mstari uliomo kwenye dbc.MPQ lakini haumo kwenye patch-2.MPQ ni kitu kilichoondolewa katikati ya safari.

Kwa kufungua vifurushi tumia Ladik's MPQ Editor. Kumbuka kwamba MPQ haihifadhi majina ya mafaili, huhifadhi namba zilizokokotolewa kutokana na majina hayo. Majina unayoyaona yanatoka kwenye faili dogo la orodha lililomo ndani ya kifurushi. Jina likikosekana kwenye orodha, faili lipo lakini huwezi kuliita. Usiseme "halipo" kabla hujajaribu orodha za nje zilizokusanywa na jamii ya watafiti.

Ndani ya Map.dbc, pitia namba zisizolingana na sehemu yoyote unayoijua. Namba 13, 25, 29 na 42 ni viwanja vya majaribio. Majina ya folda zake, kama ScottTest na CashTest, yanajieleza. Namba 451, Development Land, ni ardhi ya wabunifu kujaribia vitu. Hizi si kanda zilizokatwa, na ninasisitiza kwa sababu video nyingi huzichanganya. Hakuna aliyekusudia mchezaji akanyage pale. Namba 35 na 44 zimeandikwa wazi kwamba hazitumiki: moja ni gereza la Stormwind, nyingine ni nyumba ya watawa, na zote mbili zina toleo jingine lililofunguliwa chini ya namba tofauti. Hapo hakuna kilichopotea. Kazi ilihamishwa tu. Zinazostahili muda wako ni mbili: 37, yaani Azshara Crater, na 169, yaani Emerald Dream.

Sasa shika faili la WDT, linaloorodhesha vigae vya ardhi, la ramani unayoitaka, liko kwenye World\Maps, ndani ya folda ya ramani hiyo. Lifungue kwa programu ya kusoma baiti. Herufi za kwanza utaziona kinyumenyume: REVM badala ya MVER, DHPM badala ya MPHD, NIAM badala ya MAIN. Ndivyo zilivyoandikwa kwenye diski, faili halijaharibika. MVER inachukua baiti 12, MPHD baiti 40, kichwa cha MAIN baiti 8. Orodha ya vigae inaanzia baiti ya 60. Ramani nzima ni vigae 64 kwa 64, jumla 4,096, na kila kigae kina baiti 8 kwenye orodha. Baiti nne za kwanza zikiwa na 1, kigae kipo. Zikiwa 0, hakuna ardhi kabisa. Ukitaka kujua kigae cha safu X na mstari Y, zidisha Y kwa 64, ongeza X, zidisha kwa 8, ongeza 60.

Kabla hujatangaza kwamba ramani "imefutwa" kwa sababu orodha yake ni sifuri tupu, rudi kwenye MPHD uangalie biti ya kwanza. Ikiwa 1, ramani hiyo haina vigae kwa makusudi: yote ni jengo moja kubwa la WMO. Danjeni nyingi, zile sehemu ambazo kikundi cha watu watano hujifungia peke yao, zimejengwa hivyo, na Stockade, gereza la Stormwind lililofunguliwa, ni mojawapo.

Kila kigae kina upana wa yadi 533.33, na katikati ya ramani ni makutano ya 32 na 32. Kutoka kwenye viwianishi vya ndani ya gemu unapata jina la faili hivi: gawa Y kwa 533.33, toa jibu kwenye 32, acha desimali, hiyo ni namba ya kwanza. Fanya vivyo hivyo kwa X, hiyo ni ya pili. Chukua GM Island, kisiwa cha wasimamizi, kwenye ramani ya Kalimdor: X ni takriban 16222, Y ni takriban 16252. 16252 ukigawa kwa 533.33 unapata 30.47, toa kwenye 32 inabaki 1.53. 16222 inakupa 30.42, inabaki 1.58. Faili ni Kalimdor_1_1.adt, na kwenye WDT unalikuta kwenye baiti ya 580. Kisiwa kiliwekwa kwenye pembe kabisa ya kaskazini-magharibi ya gridi, mbali na pwani yoyote, na uchovu wa bahari kuu humuua mwogeleaji kabla hajafika. Kuwekwa mbali hivyo ni uamuzi, na ndio unaokuambia kwamba hiki hakikuwa sehemu ya dunia ya wachezaji iliyoachwa njiani.

Utamu wenyewe uko kwenye faili la ADT, yaani kigae chenyewe. Kina vipande 256, kumi na sita kwa kumi na sita, kila kimoja yadi 33.33, na kila kipande kina pointi 145 za urefu wa ardhi. Kwenye kichwa cha kila kipande, MCNK, soma vitu viwili. Kwanza, kwenye baiti ya 0x0C (namba ya heksadesimali), idadi ya tabaka za rangi. Kipande kinaweza kubeba tabaka nne: nyasi, udongo, njia, mawe. Kigae chenye tabaka moja kila mahali ni ardhi iliyofinyangwa lakini haijapakwa rangi. Msanii alivuta milima, akaondoka. Kikiwa na tatu au nne, na njia zimechorwa kupita kati ya vilima, mtu alikaa hapo akafanya kazi ya kweli. Pili, kwenye 0x34, namba ya eneo, ambayo unaipeleka kwenye AreaTable.dbc kupata jina. Sifuri maana yake hakuna aliyekigawa kipande hicho kwa kanda yoyote.

Kisha soma MTEX, orodha ya picha za ardhi. Kanda ambayo imefika mbali huwa na picha zake yenyewe; kanda changa hukopa. Ukiona kigae cha kanda moja kinatumia nyasi za Elwynn au mchanga wa Tanaris, ujue mbunifu aliweka chochote kilichokuwa karibu ili ajaribu umbo. MDDF inaorodhesha miti, mawe na vitu vidogo. MODF inaorodhesha majengo. Hesabu maingizo. Msitu wenye miti mingi lakini MODF tupu ni mandhari bila makazi.

Baada ya ardhi kuna alama za kumalizia, na hizi ndizo ninazoziamini zaidi. Je, kanda ina mwanga wake kwenye Light.dbc? Ina muziki? Ina mchoro wa ramani kwenye WorldMapArea.dbc? Ina skrini ya kusubiria kwenye Map.dbc? Ina makaburi ya kufufukia kwenye WorldSafeLocs.dbc, na mlango kwenye AreaTrigger.dbc? Makaburi na mlango ni vya mwisho kabisa, kwa sababu havina maana mpaka mtu ameamua wachezaji wataingilia wapi na watafia wapi. Jina zuri kwenye AreaTable, kwa upande mwingine, ni ushahidi dhaifu. Majina hutolewa mezani, wakati mwingine kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Picha za ramani ndogo nazo zichunguze peke yake. Ziko textures\Minimap, majina yake yamegeuzwa kuwa mfuatano wa tarakimu na herufi, na faili la maandishi md5translate.trs ndilo linalokuambia ipi ni ipi. Picha hizi hupigwa siku fulani na si lazima zipigwe tena ardhi ikibadilika. Kwa hiyo picha na kigae visipolingana, picha ndiyo ya zamani, na unaona jinsi sehemu ilivyokuwa kabla ya kubomolewa.

Kuna jambo moja ambalo faili za klaienti haziwezi kukuambia kamwe: viumbe, kazi za kufanya na vitu vya kuokota. Vyote hivyo hukaa kwenye seva. Ndiyo sababu mtu anayepakia ramani namba 169 kwenye seva ya kujifunzia nyumbani anakuta uwanda wa kijani na miti mikubwa bila mnyama hata mmoja, kisha anaandika kwamba kanda "haikuwahi kuwekewa viumbe". Hilo halithibitiki kwa njia hiyo. Kinachosaidia kidogo ni folda ya WDB ya mchezaji wa wakati ule: creaturecache.wdb na questcache.wdb huhifadhi majina ambayo seva iliwahi kuyatuma. Ukipata nakala ya zamani ya folda hiyo, itunze. Watu huifuta kila gemu inapokwama, na kila inapofutwa, ushahidi umekwenda.

Sasa tazama mifano mikubwa kwa jicho hilo.

Mount Hyjal ndio mfano wa kanda iliyokaribia kumalizika. Haikuwa ramani ya pembeni. Ilikuwa ndani ya Kalimdor yenyewe, na namba yake kwenye AreaTable ni 616. Wachezaji waliopanda kuta za milima tangu zamani walikuta mti wa dunia, mifupa ya pepo Archimonde ikiwa imening'inia juu yake, na vizuizi vya "inajengwa" njiani. The Burning Crusade, nyongeza ya gemu ya Januari 2007, ilitumia Hyjal kwa vita ya kurudi nyuma ya wakati. Kanda yenyewe ilifunguliwa na nyongeza ya Cataclysm, Desemba 2010.

Mwaka huo wa 2010 unaeleza mengi. Mpaka hapo hakuna aliyeruhusiwa kuruka kwa mnyama wake juu ya Kalimdor na Eastern Kingdoms, mabara mawili ya mwanzo, kwa hiyo mlima mmoja mrefu ulitosha kuficha chochote ambacho hakijamalizika: uwanja wa ndege juu ya Ironforge ulioonekana kwa mbali tu, ardhi tambarare nyuma ya majiji, kijiji cha trolls wanaocheza ngoma katikati ya milima ya Kalimdor. Cataclysm ilipoleta kuruka, kila yadi ilibidi ionekane vizuri kutoka juu. Vilivyofichwa ama vikajengwa, ama vikafutwa. Lango la Uldum kule kusini mwa Tanaris, ambalo lilisimama limefungwa tangu 2004, likapata kanda nyuma yake. Kijiji cha trolls kikaondolewa. Kwa hiyo yeyote anayelinganisha ardhi ya 3.3.5 (bildi 12340) na ya 4.0 anaona kwa mara moja orodha nzima ya mambo yaliyokuwa yamefichwa.

Emerald Dream ni hadithi tofauti. Milango minne yenye miti mikubwa, kule Duskwood, Ashenvale, Feralas na Hinterlands, ilikuwepo, na toleo la 1.8 mwaka 2005 likaweka mazimwi manne kuilinda. Nyuma ya milango kulikuwa na ramani namba 169, pana, ya kijani, iliyofinyangwa. Lakini ilipofika zamu ya ndoto hiyo, kwanza kama The Emerald Nightmare mwaka 2016 na baadaye kama kanda kamili kwenye toleo la 10.2, Novemba 2023, kila kitu kilijengwa upya. Ardhi ya mwaka 2004 ina ubora wa mwaka 2004. Wazo huvuka miaka, poligoni hazivuki.

Azjol-Nerub ndiyo inayoniuma zaidi. Ilikusudiwa kuwa kanda nzima ya chini ya ardhi ndani ya nyongeza ya Wrath of the Lich King, Novemba 2008, na ikaishia kuwa danjeni mbili, Azjol-Nerub na Ahn'kahet. Watengenezaji wenyewe walisema hadharani kwamba kanda ilikatwa. Ukijua ADT ilivyo, unaona ugumu uliokuwepo: kila pointi ya ardhi ina urefu mmoja tu, kwa hiyo kigae hakiwezi kuwa na ghorofa mbili. Pango dogo hupatikana kwa kutoboa shimo kwenye kipande na kuingiza jengo la WMO. Ufalme mzima wa chini unahitaji ama majengo makubwa yasiyo na mwisho, ama ramani ya peke yake yenye mlango wa kupakia. Wanerubi, watu-buibui wa Azjol-Nerub, walipata kanda yao ya kweli miaka 16 baadaye, Azj-Kahet, kwenye nyongeza ya The War Within ya Agosti 2024.

Abyssal Maw inaonyesha hasara ambayo haipimwi kwa vigae. Ilitajwa kama makao ya Neptulon, bwana wa maji, sambamba na Firelands ya Ragnaros, bwana wa moto, kisha ikaachwa ili nguvu zielekezwe Firelands, iliyotoka na toleo la 4.2 Juni 2011. Tatizo ni kwamba danjeni ya Throne of the Tides ilikuwa imeshamalizika kwa Neptulon kubebwa na pweza Ozumat. Hakuna mahali palipoeleza alitokaje. Kwenye nyongeza ya Legion akarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kanda inapokatwa baada ya mlango wake kufunguliwa, hadithi inabaki na shimo, na shimo hilo halionekani kwenye faili lolote.

Nyongeza ya Warlords of Draenor ilikata ikiwa imeshatangaza. Novemba 2013 ramani iliyoonyeshwa ilikuwa na Farahlon, nchi ambayo baadaye ingekuwa kanda ya Netherstorm, na makao makuu mawili ya pande mbili za wachezaji: Karabor kwa Alliance na Bladespire Citadel kwa Horde. Mwaka mmoja baadaye Farahlon haikuwepo, na benki na huduma nyingine zilikuwa zimehamia Ashran, kwenye vituo vya Stormshield na Warspear. Karabor na Bladespire zimesimama mpaka leo zikiwa zimejengwa vizuri sana. Ziingie uzitazame kwa utaratibu: upana wa kumbi na barabara za Karabor ni wa jiji la kukaa watu mamia, si wa kituo cha kazi chache. Ukubwa usiolingana na matumizi ni dalili nzuri kuliko jina lolote kwenye jedwali.

Kuhusu bandia: ramani nyingi zinazosambazwa kama "zilizokatwa" zilichorwa na mashabiki kwa Noggit, programu ya kuhariri ramani, na kuwekwa kwenye klaienti za seva binafsi. Njia ya kuzinasa ni kukataa klaienti yoyote yenye kifurushi cha ziada, kama patch-4.MPQ au patch yenye herufi usiyoitambua, na kurudia uchunguzi wako kwenye usakinishaji safi. Tazama pia MTEX na MODF: kigae kinachodaiwa kuwa cha 2004 kikitumia picha za Northrend, bara la Wrath of the Lich King, kimejihukumu. Klaienti ya alfa ya 0.5.3, bildi 3368, ni hazina ya kweli, lakini humo vigae vimefungwa ndani ya WDT yenyewe, kwa hiyo programu za kawaida zitakuambia hakuna ardhi. Tafuta inayoelewa muundo wa alfa.

Kuanzia Warlords vifurushi vya MPQ viliachwa, ikaja CASC, mfumo mwingine wa kuhifadhi, na mafaili yakawa yanaitwa kwa namba. Tumia programu ya wow.export. Humo ukikutana na faili lisilofunguka kwa kukosa ufunguo, usiliite lililokatwa. Blizzard husimba vitu ambavyo bado havijatoka, na funguo hutolewa muda wake ukifika.

Kwa anayetaka zoezi moja la kuanzia, chagua makaburi ya chini ya Karazhan, kule Deadwind Pass, nyuma ya lango la Morgan's Plot. Ni jengo la WMO lililowekwa moja kwa moja kwenye ramani namba 0, yaani Eastern Kingdoms, kwa hiyo utalikuta kwenye MODF ya kigae chake bila kuhitaji ramani ya pembeni. Vyumba vyake vina majina kwenye WMOAreaTable.dbc, kama Well of the Forgotten na Upside-down Sinners, kile chenye maji na miili iliyofungwa minyororo kichwa chini. Yamekaa hivyo tangu mwanzo wa gemu, na mwaka 2025 Season of Discovery, toleo la msimu la gemu ya zamani, ikayafungua kuwa danjeni. Toa WMO ya 1.12.1 na ya klaienti ya Season of Discovery, zifungue pamoja kwenye programu moja, uanze na chumba cha maji.